Ufunguo wa Ghala

Leo twaanza kwa hesabu ndogo, nanyi wanafunzi shikeni kalamu.

Tuseme baba mmoja katika milima ya Masisi amevuna magunia manne ya maharagwe mwezi wa Juni. Majirani zake nao wamevuna siku zile zile. Soko limejaa, na wachuuzi wachagua wapendavyo. Baba huyu hawezi kungoja. Mtoto wake yumo katika shule ya sekondari, na ada yadaiwa. Mkewe ana deni la dawa. Tena nyumbani hapana mahali pakavu pa kuweka chakula kisiliwe na wadudu. Basi auza magunia matatu kwa bei ya chini, na moja laliwa nyumbani. Ufikapo Septemba mvua zarudi, naye hana mbegu. Aenda kwa mchuuzi yule yule kununua maharagwe, pengine yale yale aliyoyalima kwa mikono yake, na sasa gunia moja lataka fedha alizopata kwa magunia mawili.

Hesabuni wenyewe. Mvua haikumnyima, ugonjwa haukumpata, wala hakuwa mvivu. Alivuna vizuri, lakini aingia msimu mpya akiwa maskini kuliko alivyokuwa kabla ya kuvuna. Akikosa tena, atauza mbuzi. Baada ya mbuzi atauza jembe. Na mwisho mtoto atarudi nyumbani kutoka shuleni. Sisi walimu twayaona hayo kila mwaka. Nafasi tupu katika benchi la darasa mara nyingi ni alama ya gunia lililouzwa mapema.

Umaskini wa mkulima, basi, hautoki tu katika uchache wa mavuno. Hutoka pia katika mapato yajayo mara moja au mbili kwa mwaka, au yasiyokuja kabisa, huku mahitaji yakibisha hodi kila siku. Serikali nyingi ulimwenguni zimejaribu kuulinda mfuko wa mkulima na hatari hiyo. Baadhi zimefaulu, na nyingine zimemdhuru yule yule zilizotaka kumsaidia. Yatufaa kujua sababu, kwa maana sisi wa Masisi na Walikale tuna hatari nyingi kuliko wengi, na misaada michache.

Hatari si moja

Masisi na Walikale zapakana, lakini hazifanani. Masisi ni nchi ya milima na baridi, ya ng'ombe, maharagwe, viazi na mahindi. Walikale ni nchi ya msitu na joto. Eneo lake lapita kilometa za mraba 23,000, ndiyo zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima la Kivu ya Kaskazini. Huko watu hulima mihogo, mpunga na ndizi, na hukamua mawese. Hata hivyo hatari zinazomnyang'anya mkulima jasho lake ni zile zile tano pande zote mbili.

Ya kwanza hutoka juu: mvua inayochelewa, mvua ya mawe, au mvua kubwa iporomoshayo udongo wa mlima pamoja na shamba.

Ya pili ni ugonjwa. Mnyauko wa migomba, ambao wengi huuita kirabiranya, ulionekana Masisi mwaka 2001, mwaka ule ule ulipoonekana Uganda, kisha ukaenea mbali katika Kivu. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Familia iliyoishi kwa kuuza ndizi na pombe ya kasiksi hujikuta haina kitu.

Ya tatu ni bei. Wazee waliolima kahawa katika Kivu walijifunza ya kwamba bei yao haikutengenezwa kwao. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kahawa ikapanda bei ulimwenguni kote hata mwaka 1977. Kisha Julai 1989 mapatano ya nchi zilizouza na zilizonunua kahawa, yaliyofanywa mwaka 1962, yakavunjika, na kwa muda mfupi bei ikaanguka kwa yapata nusu. Mkulima hakubadili neno katika shamba lake. Alilima vile vile, akapata nusu.

Ya nne ni njia. Maziwa hayangoji. Viazi vikikwama siku tatu katika tope huanza kuoza. Kutoka vijijini watu hubeba mizigo kichwani, kisha kwa pikipiki, kisha kwa chukudu ile ya mbao tunayoijua sote, na katika kila kizuizi mtu hutoa kitu. Zao lifikapo Goma, sehemu kubwa ya bei yake imekwisha kubaki njiani.

Ya tano ni vita, nayo huzidi zote, kwa kuwa huondoa mavuno, mbegu, ng'ombe na mkulima mwenyewe. Machi 1993 mapigano yalianza Ntoto katika Walikale, yakaenea Masisi, na katika miaka iliyofuata makundi ya ng'ombe yakatoweka milimani. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Machi 2025 walifika mji wa Walikale, wakauacha mwanzoni mwa Aprili. Wangapi walipanda msimu ule wasivune? Kila kijiji kina jibu lake.

Kuna wengine waliodhani wameziepa hatari hizi kwa kuacha jembe na kwenda machimboni, Bisie au Rubaya. Ni kweli fedha ya mgodi huja upesi. Lakini Septemba 2010 serikali ilipiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu na Maniema, na amri hiyo ikadumu hata Machi 2011. Tangazo moja likakausha mapato ya maelfu ya watu, na aliyekuwa ameliacha shamba lake likawa pori hakuwa na mahali pa kurudi. Mapato ya njia moja, hata yakiwa makubwa, ni nyumba yenye nguzo moja.

Ghala la Yosefu

Mpango wa kwanza wa serikali tunaoujua sisi sote umo katika Kitabu cha Mwanzo. Yosefu alimshauri Farao kukusanya sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, ili iwe akiba kwa miaka saba ya njaa. Mashauri hayo yaliponya nchi nzima. Twawasimulia watoto habari hii kwa furaha.

Lakini mara nyingi twaishia hapo, tusisome mbele. Katika sura ya 47 njaa imekuja, na watu wa Misri wamekwenda ghalani kununua nafaka. Kwanza walitoa fedha zao. Fedha zilipokwisha walitoa wanyama wao. Wanyama walipokwisha walitoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Nafaka ile ilitoka katika mashamba ya nani? Katika mashamba yao wenyewe. Waliokoka wasife, lakini walipoteza ardhi, kwa sababu ufunguo wa ghala ulikuwa kwa mtu mwingine.

Shikeni neno hili, kwani ndilo litakalotuongoza katika habari zote zinazofuata. Kila mpango wa kumlinda mkulima una ghala lake, la nafaka au la fedha. Ulizeni kwanza: nani ameshika ufunguo, na nani asoma daftari?

Mifuko iliyoshikwa na wengine

Katika Kongo ya Wabelgiji serikali ilianza kwa amri. Sheria ya Februari 1917 iliwalazimisha wakulima kulima mazao yaliyochaguliwa na wakuu, hadi siku 60 kwa mwaka. Katika vita vya pili vya ulimwengu siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Mihogo iliyolimwa kwa amri ilisaidia pengine kuzuia njaa, lakini pamba ililimwa kwa bei iliyowekwa na wengine. Katika miaka ya 1940 ukaundwa mfuko wa akiba ya pamba, ili bei ya mkulima isianguke mno siku ambazo bei ya ulimwengu imeanguka. Shauri lenyewe lilikuwa jema: weka katika mwaka mzuri, toa katika mwaka mbaya. Lakini mkulima hakuwa na sauti katika mfuko ule.

Uganda ilikuwa na habari kama hiyo. Bodi ya pamba iliundwa mwaka 1949, na bei ya ulimwengu ilipopanda sana, mkulima alilipwa bei ya chini na ziada ikawekwa katika mfuko wa kumsaidia siku za shida. Fedha zikawa nyingi. Na sehemu kubwa ikatumiwa na serikali kwa majengo na kazi nyingine za maendeleo. Huenda kazi hizo zilikuwa na faida. Lakini aliyeweka akiba alikuwa mkulima, na aliyeamua matumizi hakuwa yeye.

Baada ya uhuru serikali yetu nayo ilijaribu. Mwaka 1982 ilianzishwa benki ya mikopo ya kilimo, kisha benki hiyo ikafa. Sheria ya tarehe 24 Desemba 2011 juu ya kilimo yataja mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Kabla yake, mwaka 2003 huko Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa sehemu ya kumi ya fedha za serikali kwa kilimo. Kwa miaka mingi Kongo ilibaki chini sana ya kiasi hicho. Hata hivyo tusiseme hakuna lililofanyika. Mradi uitwao PASA-NK, ulioanza mwaka 2017 kwa fedha za serikali na za mfuko wa kimataifa wa kilimo, FIDA, ulishughulika katika Kivu ya Kaskazini na mazao manne: mahindi, mpunga, viazi na kahawa, pamoja na vyama vya wakulima na barabara za mashambani. Mradi wa namna hii huwafikia kwanza watu waliokwisha kujiunga katika chama. Mkulima aliye peke yake hana jina katika orodha yoyote.

Bima ni kitu gani?

Siku hizi nchi jirani zinajaribu njia nyingine, nayo ni bima. Wengi huogopa neno hili, wakidhani ni ujanja wa matajiri. Basi tulieleze kwa hesabu.

Watu mia wana ng'ombe mmoja mmoja. Tuseme kila mwaka ng'ombe watano kati ya mia hufa, lakini hakuna ajuaye ni wa nani. Kila mtu akitoa sehemu ya ishirini ya bei ya ng'ombe mmoja, fedha zitakazokusanyika zatosha kununua ng'ombe watano. Wale tisini na watano hawakupata kitu mkononi, lakini mwaka mzima walilala usingizi. Wale watano hawakuanguka. Hiyo ndiyo bima: kugawana hasara kabla haijajulikana itampata nani.

Wazee wetu walijua jambo hili. Mfugaji wa Masisi aliyeweka ng'ombe wake kwa rafiki wa mlima mwingine hakufanya hivyo kwa ajili ya urafiki peke yake; ugonjwa ukiingia zizi moja, lingine lingebaki.

Lakini tazameni tena. Kama ukame ukiwapata wote mia kwa siku moja, ni nani atakayemlipa mwenzake? Chama cha kijiji chaweza kubeba hasara ya mmoja, hakiwezi kubeba hasara ya wote. Hapo ndipo serikali inapohitajiwa kweli, kwa maana yaweza kuchanganya mlima na msitu, mwaka wa neema na mwaka wa dhiki, na kuongeza fedha ya kodi juu ya fedha ya mkulima.

Rwanda, ambayo milima yake hufanana na ya Masisi, ilianza bima ya kilimo mwaka 2019, kwanza kwa mpunga, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na serikali ililipa 40 katika kila 100 ya ada. Yaani ada ikiwa franka 1,000, mkulima alitoa 600 na serikali 400. Kenya ilianza bima ya mahindi mwaka 2016 katika Bungoma, Embu na Nakuru, serikali ikilipa nusu ya ada. Uganda nayo ilianza mwaka wa fedha wa 2016/17, ikimsaidia mkulima mdogo zaidi ya mkubwa.

Kwa wafugaji wa nchi kavu, Turkana na Wajir, Kenya ilifanya ajabu nyingine kuanzia mwaka 2015. Mitambo iliyorushwa angani hutazama rangi ya malisho; majani yakikauka kupita kiasi kilichowekwa, wafugaji hulipwa kabla ng'ombe hawajafa, wapate kununua majani na maji. Hakuna mtu anayekwenda kuhesabu mizoga. Kasoro yake ni hii: chombo hutazama nchi pana, na huenda bonde lako limekauka huku nchi kwa jumla ikionekana kijani. Basi waweza kupata hasara usilipwe. Afadhali mtu ajue hivyo kabla ya kutoa fedha yake.

Tanzania ilishika njia ya ghala. Sheria ya mwaka 2005 ilianzisha stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka zao katika ghala linalokubaliwa, lapimwa, naye apewa hati. Kwa hati hiyo aweza kukopa fedha ya haja zake, na zao lauzwa baadaye kwa mnada, bei ikiwa nzuri. Mkulima wetu wa maharagwe angelikuwa na hati ya namna hii, asingaliuza mwezi wa Juni. Lakini ghala nalo lina mashaka yake. Novemba 2018 bei ya korosho ilipokataliwa na wakulima, serikali ya Tanzania iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walingojea malipo yao muda mrefu. Mnaona tena neno la ufunguo.

Kwa nini haijafika kwetu?

Sababu ni kadhaa. Tangu mwaka 1966 bima zote katika nchi yetu zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, SONAS. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyoufungua mlango kwa kampuni nyingine, na hizo zilianza kupata leseni mwaka 2019 tu. Tena bima yataka hesabu: mvua ya miaka mingi iliyopimwa, mavuno ya kila kijiji yaliyoandikwa. Vita huharibu vipimo na madaftari pia.

Na kuna sababu kubwa kuliko hizo. Bima kwa desturi haikubali hasara ya vita. Ukame una kipimo. Mtu mwenye bunduki hana. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hati ya bima ingeyalinda mashamba ya Masisi mwaka 2024 au ya Walikale mwaka 2025. Hatari ya tano haina dawa nyingine ila amani, na kuleta amani ndiyo kazi ya kwanza ya serikali yoyote. Aliyeshindwa hilo asijivunie mbegu alizogawa.

Je, tukae basi tukingoja amani mikono kifuani? Hapana. Hatari nne zingine zabaki, na hata katika nchi yenye fujo zaweza kupunguzwa kidogo kidogo.

Sanduku la funguo tatu

Mwaka 1890 nchi ya Ubelgiji ilikuwa na wakulima maskini sana, kwa maana ngano ya bei rahisi kutoka ng'ambo ilikuwa imeangusha bei yao. Padri mmoja wa parokia ya Goor, Mellaerts, aliwakusanya wakulima wake, na kutoka hapo likazaliwa shirika liitwalo Boerenbond. Walianza kwa mambo madogo: kununua mbolea pamoja, kuweka akiba pamoja, kisha kukata bima pamoja. Hawakungoja serikali, lakini hawakuiacha pia. Walipokuwa wengi, serikali ilibidi kuwasikiliza.

Karibu nasi tuna kitu kilicho sawa na mwanzo ule. Ni vile vikundi vya akiba na mikopo ambavyo wengi huviita AVEC. Namna hii ilianzishwa Niger mwaka 1991 kwa ajili ya wanawake wa vijijini, na leo imeenea katika Kivu yote. Watu 15 hadi 25 wajuanao hukutana kila juma. Kila mmoja aweka akiba yake mbele ya wote. Fedha hukopeshwa wanachama, nao huzirudisha na faida kidogo; sehemu ndogo huwekwa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwaka ukiisha, wagawana zote. Si kama likelemba, ambamo zamu yako ikiwa Januari na ugonjwa ukija Agosti, huna la kufanya.

Na tazameni sanduku lao. Lina kufuli tatu, na funguo tatu zimeshikwa na watu watatu, wala si mweka sanduku. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Watu wa Misri wangalikuwa na ghala la namna hiyo, wasingaliuza mashamba yao.

Kikundi kama hicho chaweza kufanya nini juu ya hatari zetu?

Juu ya bei: mkulima apatapo mkopo mdogo mwezi wa Juni, alipa ada ya shule bila kuuza maharagwe yote. Wenzake wakiwa na chumba kimoja kikavu, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya udongo, na maharagwe yaliyokaushwa vizuri katika mifuko iliyofungwa isipitishe hewa, wadudu hawatayamaliza. Wauze Septemba, wakiisha kutenga mbegu.

Juu ya njia: afadhali kubeba kitu kisichooza. Wafugaji wa Masisi walilijua hili walipoanza kutengeneza jibini. Maziwa ya asubuhi huharibika jioni, bali jibini huvumilia safari na tope, na lita kumi za maziwa huwa yapata kilo moja tu ya mzigo. Mihogo iliyokaushwa na mawese yaliyochujwa vema hufanya kazi ile ile kwa mtu wa Walikale.

Juu ya ugonjwa wa migomba: kateni ua la dume kwa kijiti chenye panda, msitumie kisu, kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kipitisheni motoni kabla ya kugusa mwingine, shina lenye ugonjwa likatwe mara. Lakini mtu mmoja akifanya hivyo na jirani asifanye, kazi ni bure. Ni jambo la kikundi.

Juu ya vita, kikundi chaweza kidogo tu, lakini kidogo hicho si bure. Fedha zisilundikwe sandukuni. Benki za Goma zilipofungwa mwaka 2025, wengi waliziona akiba zao wasiweze kuzigusa. Fedha iliyokopeshwa na kugeuzwa mbegu, kuku au chumvi ya kuuza haibebwi yote kwa siku moja. Na daftari liandikwe mara mbili, likae katika nyumba mbili, ili watu wakitawanyika na kurudi wajue nani amdai nani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tudai nini?

Msidhani kwamba kwa maneno haya twaiondolea serikali deni lake. Akiba ya wakulima ishirini haiwezi kujenga daraja, wala kulipa hasara ya mlima mzima. Ni haki ya mkulima kudai njia ipitikayo, na vizuizi visivyo vya halali viondolewe. Ni haki yake kudai mfuko ulioandikwa katika sheria ya 2011 uonekane na kufika vijijini. Na siku bima ya kilimo itakapoletwa, serikali isaidie kulipa ada kama walivyofanya jirani zetu. Tena adai wakulima wawe na wajumbe katika kila mfuko unaoundwa kwa jina lao, wenye ruhusa ya kusoma daftari.

Wala kudai hivyo si uasi, kwa maana ni kumwomba mwenye ghala atoe nakala ya ufunguo.

Na ninyi wanafunzi mna kazi katika jambo hili. Katika vikundi vingi wako wazee wasiojua kusoma, nao hutegemea mtu mmoja awaambie yaliyoandikwa. Jumamosi hii nendeni na mama zenu mkutanoni. Ombeni daftari, lisomeni kwa sauti mbele ya wote, mkajumlishe tena hesabu ya juma lililopita. Ikilingana, mtakuwa mmewapa furaha. Isipolingana, mmewaokoa.

Kisha mkirudi nyumbani waulizeni baba na mama swali moja kabla ya mavuno yajayo: gunia lipi ni la mbegu? Lifungeni, liandikeni, liwekeni mbali na jiko na mbali na mchuuzi. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini yataka kuwekwa mahali pakavu, na ufunguo wake ukae nyumbani.